Wati Nne na Nusu

Fundi mmoja wa redio wa mtaa wa Jericho, jirani na uwanja wa Camp Toyoyo, alichomoa kibamba cheupe kwenye mashine mbovu ya maji baridi. Kilikuwa sentimita 4 kwa 4, chenye waya nyekundu na nyeusi. Kibamba kama hicho kikipewa umeme, upande mmoja hupoa na wa pili hupata moto. Kikipashwa moto upande mmoja na kupozwa wa pili, hutoa umeme, jambo alilolionyesha Thomas Seebeck mwaka 1821. Fundi akaona biashara: jiko la makaa la mama wa chapati lichaji simu.

Alikibana ubavuni mwa jiko, nyuma yake akaweka alumini yenye mapezi ya kupoza. Mita ikasoma volti 3. Akapiga shoti kupitia mita: ampea 1.5. Akazidisha, akapata wati 4.5, na simu huridhika na 2.5. Kibusta cha kupandisha volti alikuwa nacho.

"Mama, stima utaisahau," akasema, akapokea pesa.

Hesabu ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Zile volti 3 ni za waya zisizobeba mzigo, na ile ampea 1.5 ni ya shoti. Hazipatikani kwa pamoja. Ukinzani wa ndani ulikuwa kama omu 2, hivyo hata kwa mzigo unaolingana nao hutoka robo tu, wati 1.1. Tena alipima dakika za kwanza, mapezi yakiwa bado baridi. Yalipopata moto, tofauti ya joto ilishuka kutoka digrii 60 hadi 25. Nguvu hufuata mraba wa tofauti hiyo, kwa hiyo zikabaki wati 0.2.

Angetaka kuhakikisha ukinzani kwa mita wakati jiko linawaka, angedanganyika tena, maana kibamba chenyewe husukuma umeme ndani ya mita. Kupima joto nako kuna makosa yake: waya za kupimia joto za aina ya K huruhusiwa kukosea digrii 2.2. Ukitumia mbili, tofauti yaweza kupotoka kwa digrii 3 hivi. Katika digrii 25 hiyo ni asilimia 12, na ukikadiria nguvu kwa joto hilo, kosa hufika karibu robo. Fundi alipopima joto hata hakugusa nyuso za kibamba. Alipima bati la jiko!

"Kijana wangu, chapati zimeiva na simu imezima. Nirudishie pesa yangu."

Alirudisha.

Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, hulinganisha vipimo kwa ada, lakini kosa kubwa la fundi huyu halikuhitaji maabara. Wewe unayetaka kuuza kifaa cha namna hii, kiwekee mzigo, acha jiko liwake nusu saa, pima, kisha mwandikie mteja ulichopata: wati 0.2, mzigo omu 2. Akikataa kununua, amekusoma vizuri.