Kiti ni Chao, Deni ni la Nani?

Nafundisha historia Kakuma. Nyumbani ni Lodwar. Juzi nilieleza vita vya kugombea kiti Uingereza. Mwaka 1485, pale Bosworth, Mfalme Richard III aliingia mwenyewe vitani akauawa, na Henry Tudor akalichukua taji. Nikamsifu: angalau hakutuma watoto wa wenzake huku yeye akijificha nyuma.

Mwanafunzi mmoja, aliyeletwa kutoka Sudan Kusini akiwa mdogo, akanyoosha mkono. "Lakini mwalimu, wale waliokufa naye, waliulizwa?"

Nikabaki kimya. Desemba 2013 mvutano wa Salva Kiir na Riek Machar uligeuka vita. Mwaka 2020 wakakaa tena serikali moja, mmoja rais, mwingine makamu wa kwanza. Yeye bado yuko kambini.

Sisi Waturkana hatukuwa na kiti cha enzi, lakini nasi humsifu shujaa wa uvamizi kabla ya kuhesabu wajane. Halafu tunajifariji kwa methali ya fahali wawili na nyasi. Nyasi haziulizwi, sawa. Watu je?

Naona sasa kwamba ujasiri wa mfalme hulipa deni lake peke yake. Jumatatu nitalirudia somo, na nitaanza na wale walioenda kwa miguu.