UKIMYA WA KIJIJI NI WA NANI?

Kuna swali ambalo tunaulizana tangu mwaka 2020: mtu wa mji anayekimbilia kijiji wakati wa shida, anadaiwa nini na wale aliowakuta huko?

Tarehe 24 Machi 2020 Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura kwa sababu ya korona. Makanisa na shule vilikuwa vimekwisha kufungwa, na sisi hatukuruhusiwa kukusanyika tena mpaka Agosti. Hapa Lualaba makampuni mengine ya madini yaliwazuia wafanyakazi ndani ya migodi. Walilala huko wiki nyingi bila kuona jamaa zao, ili kazi ya shaba na kobalti isisimame. Wenye shamba au ndugu upande wa Mutshatsha, Kasaji na Lubudi walibeba watoto wakaenda. Wengi wetu tulikuwa kati ya hao.

Tulikaa miezi. Hapakuwa na malori ya madini wala vumbi lake. Asubuhi jogoo na mchi, mchana mihogo imeanikwa, jioni moto na maombi yenye utulivu ambao Kolwezi hatuupati. Tulisema, hii ndiyo raha. Lakini ule mchi ulikuwa mikononi mwa nani? Mama aliyetwanga alikuwa na watoto wake wa kulisha, na sisi tukaongezeka juu yao. Kwetu ulikuwa ukimya, kwake ilikuwa kazi. Tena ugonjwa ule uliwaua zaidi wazee, na wazee wengi wako kijijini; walitupokea wakijua tumetoka mjini.

Wengine wanasema ndugu hamdai ndugu. Hatukubali. Eliya alipofika Sarepta wakati wa njaa, alikula unga wa mwisho wa mjane. Ni kweli pipa lile halikuisha, lakini mapipa ya kijiji huisha! Mgeni hupewa jembe siku ya tatu, na sisi tulifika mahindi yakikaribia kuvunwa. Aliyevuna pamoja nao alilipa kidogo. Aliyekaa kivulini akisubiri bukari na sombe, deni lake liko palepale.

Leo ndugu hao wanakuja Kolwezi, mmoja anatafuta dawa, mwingine shule ya mtoto. Katika nyumba nyingi, wiki ya pili haijaisha wanaulizwa watarudi lini. Ile miezi ya 2020, hakuna aliyetuuliza.