Mwana wa Mchinjaji na Sauti Tano

Jumapili asubuhi Muthurwa, Nairobi, haijui kimya. Kwaya za makanisa madogo zinashindana na spika za wauza mitumba, makanga wanaita abiria wa Jogoo Road, nyundo za Kamukunji hazikumbuki kuwa ni siku ya mapumziko, na mara treni inapiga honi ikielekea stesheni kuu. Mpita njia atasema hizo ni kelele tupu. Lakini mtazame mama aliyepanga nyanya zake mafungu mafungu juu ya gunia. Katika vurugu hiyo yote anaitambua sauti ya mwanawe anayelia vibanda vitatu mbali, anamsikia mteja anayenong'ona bei, na huku midomo yake inafuatisha pambio linaloimbwa ng'ambo ya ukuta. Ni nani aliyemfundisha kuichambua hewa namna hiyo?

Maana sauti si kitu kingine ila hewa inayotikiswa. Husafiri takriban mita 340 kwa sekunde moja, ikaingia tunduni mwa sikio na kugonga utando ambao upana wake ni kama sentimita moja tu. Nyuma ya utando huo Muumba amepanga mifupa mitatu, na wa mwisho, uitwao kikuku, ndio mdogo kuliko mifupa yote ya mwili wa binadamu: urefu wake ni kama milimita tatu. Mfupa huo unasukuma maji yaliyomo ndani ya kijumba kilichojikunja kama konokono, na humo zimo chembe 15,000 hivi zenye vinyweleo, kila kundi likingoja sauti yake. Zipo za sauti nene, zipo za sauti nyembamba. Mtoto huzaliwa nazo akiwa amekwisha kuzitumia, kwani alianza kusikia angali tumboni. Sijapata kusoma habari za chombo kilichotengenezwa na mwanadamu ambacho ni kidogo hivyo na kinafanya kazi kubwa hivyo bila kuzimwa usiku.

Yapo maajabu mengine yanayopita hayo. Chukua uzi uliokazwa, uupige, kisha uubane katikati uupige tena. Utasikia sauti ileile, ila imepanda juu. Ndiyo sababu baba na mtoto huweza kuimba wimbo mmoja kwa pamoja bila kugongana. Sasa bana uzi huo ili ibaki theluthi mbili. Itatoka sauti nyingine, iliyo tofauti na ya kwanza lakini inayopatana nayo. Endelea hivyohivyo mara tatu zaidi, kila mara ukianzia pale ulipofika, uzirudishe sauti zote karibu karibu, na utakuwa na sauti tano. Hizo tano, au tano zinazofanana nazo sana, zimeonekana Uchina na Uskoti, milimani Peru na katika sehemu nyingi za Afrika. Hakuna mkutano uliofanywa ili mataifa yakubaliane. Kila taifa lilizikuta zimekwisha kuwekwa.

Ili kuona ni kwa nini ziliwekwa, nawaomba tumfuate mtu mmoja ambaye wakazi wa Muthurwa wangempenda, kwa sababu alikuwa na wazimu wa treni.

Antonín Dvořák alizaliwa mwaka 1841 katika kijiji cha Nelahozeves, nchi ya Bohemia, ambayo leo imo katika Ucheki. Baba yake alikuwa mchinjaji na mwenye kilabu cha pombe, na alipiga zeze la nyuzi nyingi kuwafurahisha wateja. Mtoto akakua akisikia ngoma za wanakijiji. Alipokuwa mtunzi mjini Prague hakuziona nyimbo hizo kuwa za kishamba. Mwaka 1878 alitoa ngoma za Kislavia zilizomtangaza Ulaya nzima. Na hata alipokuwa maarufu aliendelea kwenda stesheni kutazama vichwa vya garimoshi, na alizijua nambari zake na ratiba zake. Alikuwa pia Mkatoliki wa kweli: mwishoni mwa kazi zake nyingi aliandika maneno ya kumshukuru Mungu, kwa mkono wake, kabla wino haujakauka.

Mwaka 1892 Dvořák alifika New York, ambako mama mmoja tajiri, Jeannette Thurber, alikuwa amemwita aongoze chuo cha muziki alichokianzisha, kwa mshahara wa dola 15,000 kwa mwaka. Fedha hizo zilikuwa nyingi kupita kiasi kwa wakati ule, nami siwaamini wanaosema kwamba Dvořák alikwenda kwa ajili ya sanaa peke yake. Hata hivyo chuo hicho kilikuwa na jambo moja la heshima: kilipokea wanawake, na kilipokea Weusi, wakati vyuo vingine vingi vilikuwa vimewafungia milango.

Humo alikuwamo kijana aitwaye Harry Burleigh, mzaliwa wa mwaka 1866 katika mji wa Erie, Pennsylvania. Babu yake, Hamilton Waters, alikuwa mtumwa aliyejinunua mwenyewe akawa huru, akapofuka, akapata riziki kwa kuwasha taa za barabarani jioni na kupiga mbiu ya mji. Wajukuu walimshika mkono kumwongoza, naye njiani akawaimbia nyimbo ambazo watumwa walizitunga mashambani, nyimbo za Musa na mto Yordani na gari la kwenda mbinguni. Burleigh akazibeba nyimbo hizo kifuani hadi New York. Dvořák alimwita nyumbani kwake, akamwambia aimbe, akamsimamisha, akamwambia arudie.

Hapo ndipo namwona Mungu akitabasamu. Mzee yule kipofu hakupata kufika Bohemia. Mwana wa mchinjaji hakupata kufungwa pingu. Lakini sauti zilipotoka kinywani mwa Burleigh, Dvořák alizipokea kama jamaa wa sauti alizozijua tangu kilabuni kwa baba yake, zimepangwa kwa uchungu mwingine. Hakuhitaji mkalimani. Mwaka 1893 akawaambia Wamarekani gazetini, bila kuficha, kwamba muziki mkubwa wa nchi yao lazima ujengwe juu ya nyimbo za Weusi. Wakubwa wa muziki mjini Boston walikasirika. Walikuwa wakingoja kufundishwa kuwa Wajerumani wazuri zaidi, wakaelekezwa jikoni kwa mpishi wao.

Tarehe 16 Desemba 1893, katika ukumbi wa Carnegie, okestra ya New York chini ya Anton Seidl ilipiga simfonia yake ya tisa, aliyoiita ya kutoka Ulimwengu Mpya. Katika sehemu ya pili, ala moja ya jamii ya zumari, yenye sauti nene ya majonzi, inainuka peke yake na kuimba. Wimbo huo umejengwa juu ya sauti tano. Dvořák alisisitiza kwamba hakuchukua wimbo wa mtu yeyote, kwamba alitunga mwenyewe kwa roho ya nyimbo alizozisikia. Nami namwamini, kwa sababu ya kilichofuata. Mwaka 1922 mwanafunzi wake mmoja, William Arms Fisher, aliuwekea wimbo huo maneno ya kurudi nyumbani, na baada ya muda mfupi watu wakaanza kuapa kwamba ni wimbo wa watumwa wa kale. Mwaka 1945, mwili wa Rais Roosevelt ulipokuwa ukiondolewa Warm Springs, mwanamuziki Mweusi Graham Jackson aliupiga kwa kodiani huku machozi yakimtiririka. Roho ya wimbo ilitoka kwa watu, ikapita kwa fundi, ikarudi kwa watu, na wakaipokea kama mtoto wao. Burleigh naye hakubaki kivulini: kuanzia 1916 alizichapisha nyimbo za babu yake zikiwa na piano, na waimbaji wakubwa wakazipeleka kwenye majukwaa ya dunia. Mwaka 1931 ikapigwa simfonia ya William Grant Still, na mwaka 1933 okestra ya Chicago ikapiga ya Florence Price, wote wawili Weusi.

Dvořák alirudi kwao 1895. Mwaka uliofuata, Mombasa, Waingereza walianza kulaza reli.

Reli hiyo ilifika mahali pa majimaji paitwapo Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Shirika la reli likawajengea wafanyakazi wake Waafrika safu za vyumba hapa Muthurwa, chumba kimoja kimoja, choo cha pamoja, maji ya pamoja. Nia ilikuwa kupata mikono ya kazi. Lakini mikono haisafiri peke yake. Alikuja Mjaluo aliyekulia kwenye nyatiti ya nyuzi nane, akaja Mbukusu wa litungu la nyuzi saba, akaja Mkamba na ngoma zake, Mkikuyu, Mtaita, Mswahili wa pwani, wakapakana ukuta kwa ukuta. Mkoloni aliyechora ramani ya vyumba vile hakujua kwamba anakusanya maktaba.

Nasi tulipata Dvořák wetu, ingawa kwa njia ya unyenyekevu zaidi. Mwaka 1963, uhuru ukikaribia, watu watano walipewa kazi ya kutengeneza wimbo wa taifa. Mmoja alikuwa Mwingereza, Graham Hyslop, afisa wa muziki, huyohuyo aliyeandika tamthilia za Kiswahili Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Wenzake walikuwa George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, Peter Kibukosya, Washington Omondi na Mchungaji Thomas Kalume. Wangeweza kuagiza gwaride la tarumbeta kama mataifa mengi yalivyofanya. Badala yake walichukua wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana, wimbo wa mama anayembembeleza mtoto alale, ulioletwa na Mzee Meza Moroa Galana. Fikiria jambo hilo. Majeshi yanasimama wima, marais wanaweka mkono kifuani, wanariadha wanalia jukwaani Olimpiki, na kinachopigwa ni sauti ya mama mmoja wa kandokando ya mto, kitoto kikiwa mgongoni. Kwangu mimi hakuna wimbo wa taifa duniani wenye asili nzuri kuliko huo.

Lakini wengi wetu tuliuimba wimbo huo miaka yote ya shule bila kutajiwa jina la Galana. Hapa ndipo mwanadamu anapopunguza kazi ya Mungu. Mfano mwingine uko Kamina, mji wa makutano ya reli huko Katanga, ambako Padre Guido Haazen, Mbelgiji, alifanya kazi na kwaya ya wavulana na walimu wao hadi ikazaliwa Missa Luba, mwaka 1958. Misa hiyo ilizunguka Ulaya, na Muungano National Choir ya hapa Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi pia. Ni kazi ya kutetemesha moyo. Anayetajwa zaidi, hata hivyo, ni padre, ilhali sehemu kubwa ya yale tunayoyasikia ilitungwa papo hapo na vinywa vya Wakongo. Simlaumu kwa kusikiliza; ni wachache waliosikiliza. Ila aliyesikia na aliyeimba si mtu mmoja, na Muumba aliyegawa sauti kwa kipofu wa Erie na mama wa Tana aliwajua kwa majina.

Basi wewe unayesoma haya Muthurwa, Kaloleni, Shauri Moyo au kokote uliko, simu yako ina kinasa sauti. Nyanya akija kutoka nyumbani, mwombe akuimbie ule wimbo aliombembelezea mzazi wako. Usimkosoe, usimharakishe. Mwanzoni mwa rekodi taja jina lake kamili, kijiji chake na mwaka, kisha mwache aimbe mpaka amalize mwenyewe.