Je, Haki ni ya Rafiki Zetu Tu?

Watu wengi wakisikia habari za haki zilizoandikwa katika katiba ya Marekani hudhani ya kuwa ni zawadi ambazo serikali huwapa raia wake, kama baba awagawiavyo wanawe nguo za sikukuu. Sivyo. Ukiyasoma maneno yenyewe utaona ya kuwa mengi ni makatazo, na anayekatazwa ni serikali. Katiba iliandikwa mwaka 1787 katika mji wa Philadelphia. Na mwaka 1791 yakaongezwa mafungu 10. La kwanza lakataza Bunge kutunga sheria ya kuweka dini ya serikali, au ya kuwazuia watu wasimwabudu Mungu, wasiseme, wasichapishe, wasikutane kwa amani, wala wasipeleke malalamiko yao. Ni kama ua uliozungushiwa shamba la mtu, ili mwenye nguvu asilikanyage.

Lakini ua huo wamlinda nani? Hapo ndipo penye ugumu, nami nataka kulitazama jambo hili kwa habari ya mwalimu mmoja wa shule ya Kilutheri.

Jina lake Robert Meyer, naye alifundisha katika shule ya usharika wa Zion, wilaya ya Hamilton, jimbo la Nebraska. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha mwaka 1918, lakini chuki juu ya watu wa asili ya Kijerumani haikuisha pamoja navyo. Mwaka 1919 bunge la jimbo lile likatunga sheria: mwalimu ye yote, wa shule ya serikali au ya kanisa, asifundishe somo lo lote kwa lugha isiyo Kiingereza, wala asimfundishe lugha ngeni mtoto asiyemaliza darasa la nane. Mwezi wa Mei 1920 Meyer alimfundisha mtoto wa miaka 10 kusoma hadithi za Biblia kwa Kijerumani. Akashtakiwa, akatozwa dola 25. Fedha hizo si nyingi; mtu angaliweza kuzilipa na kunyamaza. Yeye akakata rufani. Mahakama ya jimbo ikamkatalia, hata neno lake likafika Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 4 Juni 1923 majaji 7 kati ya 9 wakaamua ya kuwa sheria ile imevunja uhuru wa mwalimu kufundisha na wa wazazi kuwalea watoto wao.

Aliyemtetea, Arthur Mullen, alikuwa Mkatoliki. Wala tusishangae: mkono uwezao kuifunga shule ya Walutheri waweza kuifunga ya Wakatoliki pia. Ndivyo ilivyotaka kuwa katika jimbo la Oregon, ambako sheria ya mwaka 1922 iliwalazimisha karibu watoto wote kwenda shule za serikali. Masista wenye shule wakashtaki, na mwaka 1925 Mahakama Kuu ikawapa haki, ikiitegemea hukumu ya Meyer.

Baadaye wakaja Mashahidi wa Yehova, ambao watoto wao walikataa kuisalimu bendera shuleni. Mwaka 1940 majaji 8 kati ya 9 walikubali wafukuzwe. Miaka mitatu tu baadaye, tarehe 14 Juni 1943, majaji 6 kati ya 9 wakaitangua hukumu ile, na jaji Robert Jackson akaeleza ya kuwa haki za namna hii hazipigiwi kura. Mimi siyakubali mafundisho ya Mashahidi, na wainjilisti wetu waijua taabu ya kujibizana nao mlangoni. Hata hivyo, mtoto anayeinua mkono kwa kuogopa kufukuzwa amekiri nini? Mkono umeinuka, moyo umebaki pale pale.

Sasa lipo neno linalonihuzunisha kuliko hayo yote. Mafungu 10 ya kwanza yaliifunga serikali kuu peke yake. Maneno yaliyomwokoa Meyer yatoka katika fungu la 14, la mwaka 1868, linalozikataza serikali za majimbo kumnyang'anya mtu ye yote uhai, uhuru au mali pasipo kufuata njia ya haki ya sheria. Fungu hilo liliandikwa baada ya vita vilivyokomesha utumwa, hasa kwa ajili ya watu weusi waliowekwa huru. Lakini mwaka 1896 Mahakama Kuu ile ile ilikubali wao watengwe katika mabehewa ya reli huko Louisiana. Na mwaka 1923, mwalimu wa Kijerumani alipokaribishwa ndani ya ua, mtoto mweusi, ambaye ua ulijengwa kwa ajili yake, alikuwa angali nje.

Wengine husema, Basi maandiko hayo ni karatasi tu. Mimi sikubali. Karatasi haijilindi, ni kweli, na jaji huona upesi haki ya mtu anayefanana naye. Lakini kama neno lile lisingalikuwapo, Thurgood Marshall na mawakili wenzake wangalisimama juu ya nini? Hawakuomba huruma, waliwataka majaji walisome neno la 1868 kama lilivyo. Mwaka 1954 majaji wote 9 wakahukumu ya kuwa kuwatenga watoto katika shule za serikali kwa ajili ya rangi ni kinyume cha katiba. Ilikuwa imepita miaka 86. Mtoto mweusi aliyezaliwa mwaka lilipoandikwa neno lile, kama alikuwa angali hai, alikuwa mzee asiyehitaji tena shule.