Ndege Isiyobisha Hodi



Mtu mmoja wa Mbeya, katika wale wanaoutafuta ukweli kwa kuuliza, alipata kutuambia kwamba habari za manowari na ndege zake ni habari za watu wa pwani. Sisi, akasema, tumezungukwa na milima, na bahari iko mbali nasi. Ni meli gani itakayoupanda Mlima Loleza? Waliokuwapo walicheka, nasi tulicheka pamoja nao. Lakini baadaye tuliona kwamba maneno yake yamebeba swali zito kuliko alivyodhani mwenyewe, yaani: Mtu ambaye haihitaji tena ruhusa ya jirani yake, je, bado ana wajibu wa kuiomba?

Tuanze na chombo chenyewe. Ndege ya kivita ya kawaida huhitaji njia ndefu ya kurukia. Uwanja wa Songwe, ulioanza kutumika Desemba 2012, una njia ya zaidi ya kilometa 3, kwani mahali palipoinuka hewa ni nyepesi, na ndege haina budi kukimbia mwendo mrefu zaidi kabla ya kuiacha ardhi. Uwanja wa namna hiyo haufichiki, nao una mwenyewe. Jeshi la kigeni likitaka kuutumia halina budi kwenda kwa serikali ya nchi, likaeleza shida yake na kungoja jibu; na jibu laweza kuwa hapana.

Waingereza walianza kuijaribu ndege ya aina nyingine mwaka 1960. Injini yake ilikuwa na midomo minne ya kutolea upepo. Rubani akiielekeza midomo hiyo nyuma, ndege huenda mbele. Akiielekeza chini, ndege husimama hewani kama kipanga anayetazama kifaranga, kisha hushuka wima. Tarehe 8 Februari 1963 ndege ya majaribio ya aina hiyo ilitua juu ya manowari Ark Royal. Kutokana nayo ilizaliwa Harrier, iliyoingia jeshini mwaka 1969, na baadaye Sea Harrier, iliyopigana kutoka melini katika vita vya visiwa vya Falkland mwaka 1982. Siku hizi iko F-35B ya Wamarekani, yenye feni kubwa nyuma ya kiti cha rubani inayosukuma hewa chini, na mdomo wa injini unaopinda kuelekea chini wakati wa kutua. Ikiondoka na mzigo wake hukimbia kidogo tu juu ya sitaha. Ikirudi, huhitaji nafasi ndogo kama ua wa nyumba.

Sasa tazama maana yake kwa nchi ya milima. Kwa Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, bahari ya nchi huishia maili 12 za baharini kutoka ufukweni. Nje ya hapo meli ya kivita yaweza kukaa bila kumwomba mtu yeyote. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilometa 410, na hadi Mbeya ni karibu kilometa 700. Ndege hiyo yaweza kwenda zaidi ya kilometa 800, ikapiga na kurudi, bila kuongezewa mafuta njiani. Tena wepesi wa hewa ya Mbeya haiisumbui, maana haina haja ya kutua Mbeya. Wala haya si mambo ya kubuni tu. Tarehe 27 Septemba 2018 ndege za F-35B za Marekani ziliondoka katika meli Essex na kupiga shabaha nchini Afghanistan. Nchi ile haina hata hatua moja ya pwani, na ina milima ambayo mbele yake Loleza ni kilima.

Hapo zamani haikuwa hivyo, na watu wa Iringa wanalijua jambo hili kuliko wengi. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliipiga mizinga kasri ya Unguja, na katika muda usiotimia saa moja utawala wa Khalid bin Barghash ukawa umekwisha. Mwaka huo huo Mkwawa alikuwa bado anapigana katika nchi ya Wahehe. Wadachi walikuwa na manowari pwani na mizinga mikubwa, lakini mzinga wa meli haukufika Uhehe. Iliwapasa kutembea. Walihitaji wapagazi, chakula, maji na watu wa kuwaonyesha njia. Walihitaji pia urafiki wa wakubwa wa nchi, kama Merere wa Usangu, ambako leo ni mkoa wa Mbeya, aliyekuwa na ugomvi wake na Wahehe. Na kwa kuwa walitembea, waliweza kukutana na wenye nyumba njiani: tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, jeshi la Zelewski liliangamizwa na yeye mwenyewe akauawa. Kalenga ilianguka kwa mizinga mwaka 1894, lakini ni mizinga iliyokokotwa kwa miguu hadi pale. Na Mkwawa aliendelea kupigana porini mpaka kifo chake mwaka 1898.

Hatusemi kwamba Wadachi walikuwa na adabu kwa sababu walitembea. La. Tunachosema ni kwamba mhitaji analazimika kuzungumza. Anayetaka maji yako lazima akutazame usoni, na katika kutazamana huko huenda akatambua kwamba wewe ni mtu. Na hata asipotambua, wewe umepata nafasi ya kumkatalia. Kwa karne nyingi mabavu ya wenye nguvu hayakuzuiwa na dhamiri zao peke yake. Yalizuiwa pia na njaa, umbali, matope ya masika na haja ya kuwa na mwenyeji. Ufundi wa siku hizi umeondoa vizuizi hivyo kimoja kimoja, na ndege itokayo baharini imeondoa kile cha mwisho, yaani kuomba mahali pa kuweka mguu.

Wapo watakaojibu kwamba sheria ipo. Ni kweli. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unakubali kwamba kila nchi ndiyo mwenye anga lililo juu yake, na kwamba ndege ya jeshi la nchi nyingine isiingie bila idhini. Kwa maneno mengine, mataifa yenyewe yameandika kwamba hodi ni wajibu. Lakini sheria ya mlango ni jambo moja, na mlango ni jambo jingine. Mwenye nyumba isiyo na komeo hana haki pungufu kuliko mwenye nyumba ya chuma. Tofauti ni kwamba wa kwanza anategemea uungwana wa mpitanjia.

Na hapa ndipo penye jibu letu kwa swali la mwanzo. Tangu utoto tumefundishwa kubisha hodi hata kwenye nyumba ambayo mlango wake ni pazia. Hatubishi kwa sababu pazia linatuzuia. Tunabisha kwa sababu ndani kuna mtu. Kurani Tukufu, katika Sura An-Nur, imelifanya jambo hili kuwa sharti: mgeni aombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyeji, na asipokaribishwa aondoke zake. Haikusema kwamba mwenye nguvu za kusukuma mlango amesamehewa. Kwa hiyo wajibu wa kuomba ruhusa haukutokana na udhaifu wa mwombaji, wala hauondoki udhaifu wake unapoondoka. Tena twaweza kusema kwamba unaanza hapo hasa. Kwani aliyeomba kwa sababu hana njia nyingine, tutajuaje kama ni adabu au ni shida?

Je, basi, chombo chenyewe ni haramu? Sisi hatuoni hivyo, na ndugu wanaotaka kulaani kila chuma kirukacho tunawaomba wasubiri kidogo. Iko habari moja ya ndege hizi ambayo haizungumzwi sana. Ndege haiwezi kushuka wima ikiwa nzito mno. Nguvu ya injini lazima iushinde uzito wote, na penye joto nguvu hiyo hupungua. Kwa hiyo rubani aliyekwenda na mabomu na asiyatumie aweza kurudi melini akalazimika kuyatupa baharini ili atue salama. Waingereza walitafuta dawa ya jambo hilo, na Oktoba 2018, katika meli Queen Elizabeth, ndege ilitua kwa namna mpya: badala ya kushuka wima kabisa, ilikuja ikienda mbele polepole, mbawa zikisaidia kuubeba mzigo, kisha ikabingirika kidogo juu ya sitaha na kusimama. Nia yao kubwa ilikuwa kutopoteza silaha za thamani. Lakini mtu mwenye kutafakari ataona jambo zaidi. Walihitaji kumrahisishia njia mtu anayerudi na bomu lake. Bomu lililorudi ni nyumba ambayo haikubomoka, na rubani aliyerudi nalo pengine aliona, au alitii, au alisita. Chuma hakijui kusita. Kusita ni kazi ya moyo, na moyo huo unaketi ndani ya ndege ile ile.

Tena iko siku ambapo wageni kutoka melini walikuja kwetu wakiwa wameitwa. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Serikali ya Mwalimu Nyerere, iliyochaguliwa na wananchi, haikuwa na nguvu ya kuwatuliza. Mwalimu aliomba msaada wa Uingereza kwa maandishi. Alfajiri ya tarehe 25 manowari Centaur, iliyotoka Aden, ilipeleka makomando kwa helikopta. Wakatua karibu na kambi, na maasi yakavunjika upesi, ingawa si bila vifo. Wasomaji wenye umri wataikumbuka wiki ile. Mwalimu hakuificha fedheha yake, ya nchi huru kuwaita wale wale iliowaaga miaka miwili tu iliyopita. Hata hivyo aliona ni afadhali fedheha hiyo kuliko bunduki kuwa bwana wa raia.

Zipime siku hizi mbili kwa mizani moja. Helikopta ile ya 1964 haikuhitaji uwanja zaidi ya F-35B. Ingaliweza kutua hata kama Mwalimu angekataa. Chombo kilikuwa na uwezo ule ule wa kuingia bila hodi. Kilichoitenga siku ile na uvamizi ni karatasi moja yenye sahihi ya mwenye nyumba, na jambo la pili ambalo watu husahau kulitaja, nalo ni kuondoka. Februari Mwalimu aliwakutanisha wajumbe wa nchi huru za Afrika hapo Dar es Salaam. Aprili askari wa Nigeria walifika kushika nafasi ya Waingereza, nao makomando wakarudi walikotoka. Tarehe 1 Septemba mwaka ule ule likaundwa Jeshi la Wananchi. Nayo kambi ya Colito ikaja kupewa jina la mahali pale penye vichaka, kando ya barabara ya Iringa, ambapo Wahehe walikutana na wageni wasiobisha hodi: Lugalo.