Je, Sala Inaweza Kukaza Cheni?



Katika barabara ya taifa namba 5, inayopita hapa kwetu Makobola, wengi tunasafiri kwa pikipiki, na kabla ya kuondoka tunaomba. Ni vema. Lakini nawauliza: mtu akiomba ulinzi, naye anajua cheni yake imelegea, je, hiyo ni imani, ama ni kumjaribu Mungu?

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilianguka. Siku moja nilimbeba mama mmoja wa kanisa pamoja na beseni lake la ndagala. Juma zima nilikuwa nimeona kwamba cheni inalegea, ila uvivu ulinishika. Tukaomba, tukaondoka. Kwenye mteremko cheni ikaruka, tukaanguka. Mama hakuumia sana, bali ndagala zote zilimwagika mchangani. Akasema, "Ni Shetani." Watu wakaitikia. Mimi nikanyamaza.

Ndugu zangu, kunyamaza kule kulikuwa dhambi kubwa kuliko uvivu wangu. Nilimbebesha Shetani kosa langu, na mama nikamwachia hasara. Siku ya tatu nilikwenda kwake, nikaungama, nikamlipa ndagala zake.

Someni Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwenye kujenga nyumba anaagizwa kuweka ukingo darini, ili mtu asianguke na damu yake ikahesabiwa juu ya nyumba ile. Haikutosha aombe tu, dari ikae wazi. Naye Bwana Yesu, juu ya hekalu, alikataa kujitupa chini ili malaika wamdake.

Basi sasa kila Jumamosi jioni, injini ikiwa imezimwa, nabonyeza cheni katikati, upande wa chini. Inapaswa kucheza sentimeta 2 au 3 hivi, kufuatana na kitabu cha pikipiki yenyewe. Nazungusha gurudumu, napima tena, maana cheni hailiki sawasawa. Naipaka mafuta. Napima oili pikipiki ikiwa imesimama wima, najaribu freni zote mbili, natoa vumbi katika filta ya hewa.

Kazi hii hakuna anayeiona. Abiria haniulizi, anapanda kwa kuniamini tu. Ndiyo sababu ni deni langu kwake mbele za Mungu.

Tusiache kuomba, wapendwa. Lakini kabla ya kumtaja Shetani, tutazame kwanza cheni.

Amina.