Kanda ya Mpwa Wangu

Kila nipitapo Mnazi Mmoja, nikiuacha uwanja nyuma yangu na kuikabili Kariakoo, hunijia kumbukumbu ya siku mpwa wangu aliponiomba nimsindikize kwa tajiri mmoja msambazaji wa kanda, katika zama zile ambapo mwanamuziki asiye na bendi wala mfadhili hakuwa na njia ya kuifikisha sauti yake Tabora au Mtwara ila kwa kupitia kaunta ya duka kama lile. Kijana alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na kanda yake aliishika kama amana ya mtu. Mezani palikuwa na sanduku zima la kanda za vijana wenziwe, aghalabu hazina hata jina juu yake.

Tajiri aliniamkia kwa taadhima, akasikiliza ubeti mmoja na kiitikio, kisha akapunguza sauti ya redio. "Wimbo mzuri, kijana. Nani anaujua?" Mpwa wangu akanyamaza. "Na gitaa hili kapiga nani, mmepatana nini naye?" Hapo kijana alinitazama mimi.

"Mjomba," aliniambia tulipotoka, "yule hapendi muziki." Nami nilimsadiki, tena kwa miaka kadhaa.

Sasa naona kwamba maswali yale yalikuwa ya haki. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Fumba, kabla hajaitwa Siti alitembeza vyungu akivinadi kwa sauti ile ile ambayo baadaye ilisikika katika majumba ya wakwasi na ya mafukara wa Unguja. Na mwaka 1928, alipovuka bahari kwenda Bombay kutia sauti katika santuri za kampuni ya HMV, hakwenda kutafuta wasikilizaji, maana alikwisha kuwa nao. Kampuni iliifuata sauti iliyokwisha pokelewa. Msambazaji ni mchukuzi wa bidhaa, na mchukuzi huuliza kwanza mzigo unangojewa wapi.

Swali la pili ndilo linaloniuma zaidi. Wengi katika enzi ya kanda waliuza masta kwa fedha ya mkupuo, bila ya hati iliyoeleza nani katunga na nani kapiga, na wimbo ulipovuma wakabaki kuusikia madukani kama wapita njia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iliwapa wasanii pa kusimamia, na COSOTA, chama cha hakimiliki, ikaundwa. Lakini sheria haiwezi kumwandikia mtu mapatano ambayo yeye mwenyewe aliona haya kuyadai kwa sahibu yake.

Leo kanda imetoweka, na kijana wa Manzese huweza kuupeleka wimbo hadi Boomplay mtandaoni pasipo kuvuka barabara. Ila lile sanduku la kanda zisizo na majina limepanuka likawa bahari. Mwenye kutaka aonekane humo na apeleke kazi iliyotimia: jina la mtunzi na la aliyetengeneza biti, ridhaa ya kila aliyeshiriki, picha safi ya kasha, na siku ya kutolewa iliyopangwa mapema. Na ajue anamwandikia nani, kwani mwenye kusambaza nyimbo za injili hana haja ya taarabu. Wafuasi wa kununuliwa nawachukia kwa dhati, maana huo ni ushahidi wa uongo. Heri watu mia wa Temeke wauombao wimbo katika kila harusi.

Mpwa wangu aliimba harusini, Kigogo na Magomeni, karibu mwaka mzima, kisha akanijia tena na shati lile lile. Safari hii alikuwa na kanda iliyoandikwa jina, na karatasi yenye sahihi yake na ya mpiga gitaa. Tajiri aliisoma yote, pole pole, akaikunja na kuiweka chini ya kanda. Ndipo akanyoosha mkono kuiwasha redio.